TUSOME MAJANI YA KANDO YA MFEREJI KABLA YA KUSHIKA JEMBE

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa kujitayarisha kwa mvua za masika)

 

 Tunajua wengine mmetoka mbali, upande wa Garashi, Jilore, Marafa na Gongoni, na nauli si ndogo siku hizi. Kwa hivyo hatutawapotezea wakati.

Tumeombwa tuzungumze juu ya mifereji. Katika ziara zetu za mwezi uliopita vikundi vimetuuliza maswali matatu. La kwanza: je, tufyeke kingo zote za mfereji ziwe safi kabla ya masika? La pili: kwa nini mimea yetu inageuka manjano na kufa na hali maji tunayo tele? La tatu: tumechanga pesa za pampu kubwa zaidi, je, tuinunue?

Maswali haya matatu yanaonekana mbalimbali, lakini jibu lake linaanzia mahali pamoja. Kabla ya kufyeka, kabla ya kumwaga maji zaidi, na kabla ya kutoa pesa katika mfuko, tembeeni kando ya mfereji mtazame ni majani gani yaliyoota, na yameota wapi. Majani hayaoti ovyo. Kila jani linaota pale ambapo udongo na maji vinalifaa. Mtu akijua kuyasoma, atajua habari za udongo ambao macho hayauoni.

KOSA TULILOFANYA SISI WENYEWE

Tuanze na aibu yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitembelea kikundi kimoja katika sehemu za chini za Mto Sabaki. Jina lake hatulitaji. Wanachama walikuwa wamechanga kidogo kidogo, wakachimba mfereji wa karibu mita mia nne kutoka penye pampu hadi mashambani. Mwaka wa pili kingo zilijaa majani: ukoka, ndago, matete na mikindu midogo. Sisi tukafika na madaftari yetu tukasema, "Jamani, mfereji gani huu? Safisheni, uwe mweupe kama ua wa nyumba ya harusi." Akina mama wakafyeka, vijana wakang'oa mizizi kwa jembe na kuchoma moto. Tukapiga picha.

Bibi mmoja wa kikundi, ambaye wote wanamwita Hawe, alituuliza polepole, "Sasa huu mchanga utashikwa na nini?" Tulitabasamu tu. Tukaandika katika ripoti kwamba wanachama bado wanahitaji elimu.

Masika ilipoingia, ukingo ulianguka sehemu tatu katika usiku mmoja. Mchanga ukajaza mfereji. Pesa zilizowekwa kwa mbegu za vitunguu zikaenda kwa kuchimba upya, na wanachama kadhaa wakajitoa, wakisema kikundi hakina faida. Tulirudi kumwomba Hawe msamaha. Naye hakutucheka. Alituchukua akatutembeza kando ya ule mfereji, na mengi tutakayowaambia leo tulianza kujifunza siku ile.

UDONGO HUAMUA NANI ATAOTA

Sisi watu wa Malindi na Kilifi tuna kitabu kikubwa mlangoni petu, nacho ni Msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtu akiuvuka kutoka upande wa bahari kuelekea bara, atapita kwanza penye msitu wa mchanganyiko, pamoja na mbambakofi. Kisha atafika penye mchanga mweupe, na hapo ataona mrihi umetawala. Akizidi kwenda magharibi, ardhi inageuka nyekundu, na msitu unageuka pia: miti mingine kabisa, mifupi na iliyosongamana. Hakuna mtu aliyepanda mistari ile. Udongo ndio uliopanga, pamoja na mvua, maana upande wa bahari hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na upande wa kaskazini-magharibi hupata karibu 600 tu.

Kama msitu mzima unapangwa na udongo, mfereji wako wa mita mia nne utaachaje kupangwa?

Tunao udongo wa namna tatu katika sehemu zetu nyingi. Kuna mchanga. Maji huupita upesi kama yanavyopita kwenye kung'uto, na chakula cha mimea hushuka nayo. Mnazi na mkorosho huvumilia hapo kwa sababu mizizi yao hujitafutia mbali. Kuna udongo mfinyanzi, ambao hushika maji na kuyakatalia. Ukilowa unanata kwenye jembe, ukikauka unapasuka nyufa. Na kuna udongo wa mafuriko, ule mwekundu laini ambao Sabaki huuleta kutoka bara.

Mto huu mwaujua. Huko juu unaitwa Athi, na hupokea maji ya Mto Nairobi. Baada ya kukutana na Mto Tsavo unaitwa Galana, nasi huku chini tunauita Sabaki. Katika safari hiyo yote huchukua udongo wa mashamba yaliyolimwa vibaya, na ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka nyekundu wakati wa mvua. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, yale ya 2018 yaliyowahamisha watu wengi wa Magarini, na tena yale ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024, kila mara yaliacha tabaka jipya juu ya mashamba. Udongo huo una rutuba, na mahindi na migomba huupenda. Lakini ukiwa mkavu na wazi hauna nguvu. Maji yakipita kwa kasi unayeyuka kama sukari.

Basi ukingo wa mchanga au wa udongo wa mafuriko unasimama kwa sababu umeshikwa. Ukoka unatambaa na kutia mizizi kila kifundo, ukiushona udongo kama mkeka. Matete yana mizizi minene iliyofumana chini. Mkindu hushika kona mahali maji yanapogonga, na tena huwapa akina mama ukindu wa kusukia. Ukiving'oa vyote umeufumua mkeka. Hawe alikuwa akitwambia hivyo kwa swali moja.

Kwa hivyo jibu la swali la kwanza ni hili. Ndani ya mfereji, safisheni. Juu ya ukingo, fyekeni yawe mafupi ikiwa yanazuia njia, lakini msing'oe mizizi wala msichome moto.

MAJI YAKISIMAMA, MIZIZI INAKOSA PUMZI

Tuje kwa swali la pili. Mtu anaona mahindi yake yamekuwa manjano. Anasema, "Yana kiu," anafungulia maji. Kesho yamezidi kuwa manjano. Anafungulia tena. Ndugu zetu, huyo ni kama mtu anayemwokoa aliyezama kwa kumnywesha maji.

Mizizi inapumua. Katika udongo mzuri kuna vinafasi vidogo vyenye hewa kati ya chembe. Maji yakijaza vinafasi vyote siku nyingi, hewa inatoka na mizizi inakosa pumzi. Inaanza kuoza, haiwezi tena kunyonya chakula, ndipo jani linageuka manjano. Mahindi, maharagwe, mipapai na hata mkilifi, yaani mwarobaini, haviwezi kukaa hivyo.

Lakini kuna mimea iliyoumbwa kwa hali hiyo. Mpunga, matete na mafunjo vina njia za hewa ndani ya mashina zinazoshuka mpaka mizizini, kama mtu anayepumua kwa mrija. Ndago nayo huvumilia unyevu ambao mahindi hayauwezi. Kwa hivyo ukiona matete au mafunjo yameota kando ya mfereji mahali ambapo mwaka jana hayakuwapo, ujue hapo chini maji yamesimama. Ama ukingo unavuja, ama kuna tabaka la mfinyanzi linaloyazuia. Na ukiona ndago zimezidi ghafla kuyashinda majani mengine, chukua jembe uchimbe shimo ujionee.

Katika kile kikundi chetu, Hawe alituonyesha kwamba ndago zilianza kusambaa upande wa chini wa shamba mwaka mzima kabla ya mahindi kuugua. Kila mtu alizipalilia akilalamika. Hakuna aliyejiuliza kwa nini zimekuja.

Na ipo habari njema pia katika majani. Kule bara, penye ukame wa Ganze na Bamba, mkuyu mkubwa wenye majani mabichi wakati wa kiangazi huonyesha kwamba maji hayako mbali chini. Mikoma, ile mitende ya miyaa, nayo hupenda mahali ambapo maji ya chini yako karibu. Lakini mkoma una siri moja: huvumilia maji yenye chumvi. Kwa hivyo ukimwona mkuyu, furahi. Ukiona mikoma peke yake, chimba, lakini onja kwanza.

CHUMVI, ADUI AJAYE KIMYAKIMYA

Sisi wa pwani tuna jambo lingine ambalo watu wa Mwea hawasumbuki nalo kama sisi, nalo ni bahari. Wenzetu wa Gongoni na Ngomeni wanaona kila siku mashamba ya chumvi, ambapo maji ya bahari hupitishwa kwa mifereji hadi kwenye mabwawa, jua likayanyonya, chumvi ikabaki. Shikeni picha hiyo. Jambo hilo hilo laweza kutokea kwenye bustani yako ya mchicha bila wewe kukusudia.

Linatokea hivi. Karibu maji yote ya mtoni na ya visima yana chumvi kidogo, hata ikiwa ulimi hauisikii. Ukimwagilia, mimea hunywa maji na jua huchukua mengine, lakini chumvi hubaki. Ikiwa udongo una njia ya kutolea maji, mvua huiosha ikashuka mbali. Lakini ikiwa mfereji unavuja na maji ya chini yamepanda karibu na uso wa ardhi, udongo huyavuta juu kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa. Yanafika juu, yanakauka, chumvi inabaki. Siku moja unaamka unaona unga mweupe juu ya matuta.

Mmea katika udongo wa chumvi huona kiu ndani ya maji. Ni kama mvuvi aliyepotea baharini: maji yamemzunguka na hawezi kuyanywa. Ncha za majani huungua, zinakuwa za kahawia, na mmea unadumaa. Maharagwe na vitunguu huumia mapema. Spinachi na pamba huvumilia zaidi. Mnazi huvumilia, na mvinje pia.

Kabla unga mweupe haujaonekana, majani huwa yamekwisha kutoa habari. Majani laini ya kawaida hupungua, panabaki mabaka matupu. Ukoka hukawia kuondoka, kwa sababu una uvumilivu. Kisha huja vimmea vinavyotambaa vyenye majani manene yaliyojaa maji, kama vile vya ufuoni ambavyo baadhi huviita mboga ya pwani. Ukiyaona majani ya ufuoni katika shamba lililo mbali na ufuo, usingoje.

Jambo hili si geni duniani. Kule Iraki, kati ya mito Frati na Hidekeli inayotajwa katika Kitabu cha Mwanzo, watu walimwagilia mashamba kwa mifereji maelfu ya miaka iliyopita, na chumvi iliharibu sehemu kubwa ya ardhi yao. Walikuwa hodari wa kuleta maji. Kuyaondoa ndiko kulikowashinda.

Ndiyo maana tunasema: mfereji wa kuleta maji bila mtaro wa kuyatoa ni kazi nusu. Mtaro si lazima uwe mkubwa. Uchimbwe upande wa chini wa shamba, uwe na kina zaidi ya mizizi ya mazao, uelekee mahali maji yatakapokwenda bila kumdhuru jirani.

Na kwa wale wanaovuta maji karibu na mdomo wa mto, upande wa Sabaki na Mambrui, kuna jambo la ziada. Wakati wa kiangazi mto ni mdogo, na wakati wa bamvua maji ya bahari husukuma kuingia mtoni. Pampu yako haijui tofauti. Wavuvi wanajua saa za maji kujaa na kupwa kuliko sisi wenye saa za mkono. Waulizeni. Vuteni maji yakiwa yamekupwa, na onjeni kila mara kabla ya kuwasha mashine.

TUJIFUNZE MIDA

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi maji na udongo vinavyopanga mimea, aende Mida wakati maji yamekupwa. Mlilana uko mbele kabisa unakoelekea maji. Nyuma yake mkoko, umesimama juu ya mizizi mingi kama miguu ya pweza, ili usizame topeni. Ukipanda kuelekea nchi kavu kuna mkandaa. Mchu unaonekana hata nyuma kabisa, mahali ambapo bahari hufika siku za bamvua tu na jua likaongeza ukali wa chumvi. Yote yanatumia bahari moja. Tofauti ya urefu wa ardhi ni ndogo, lakini yatosha kubadilisha saa za kukaa majini na ukali wa chumvi, na kila mti umechagua mahali pake.

Chuma jani la mchu ulirambe. Utasikia chumvi, kwa sababu mti ule huitoa kupitia majani. Tazama na mizizi yake inavyochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa. Ndiyo pua zake. Mungu ameupa mchu vifaa vya kuishi mahali pagumu. Mahindi hakuyapa vifaa hivyo. Tusiyalazimishe.

MAJANI YA NDANI YA MFEREJI, NA AFYA

Tulisema ndani ya mfereji tusafishe. Sababu ni mbili. Kwanza, majani yakijaa ndani, maji hupungua mwendo, tope linatua, mfereji unajaa. Pili, ni ugonjwa. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaendayo polepole yenye majani mengi. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinakua, vinatoka na kuingia katika ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima humo. Mtoto anayekojoa damu si kwamba amebalehe, kama wengine wanavyosema. Apelekwe zahanati, dawa ipo na inatibu.

Basi wanaosafisha ndani ya mfereji wafunge maji kwanza, mfereji ukauke siku kadhaa, na wavae viatu vya mpira. Tope na majani yanayotolewa yasirundikwe ukingoni yakarudi na mvua ya kwanza. Yawekwe mbali yaoze yawe mbolea. Na vyoo vijengwe, ili watoto wasifanye mfereji choo.

Tena, ukiona majani yanayoelea yamefunika maji yaliyotuama, ujue kuna chakula kingi majini, ama mbolea ya dukani iliyooshwa shambani, ama samadi ya zizi lililo karibu. Hapo umeona pesa yako ikielea. Weka zizi mbali, na mbolea itiwe kidogo kidogo shinani.

MGENI ANAYEITWA MATHENGE

Tunatoa onyo moja. Jirani zetu wa Bura na Hola katika Tana River wanaujua mti unaoitwa mathenge. Uliletwa kwa nia njema ya kupata kuni na kuzuia jangwa. Lakini mizizi yake hushuka mbali sana kutafuta maji, na hustahimili chumvi na ukame kuliko miti yetu. Mbuzi na ng'ombe hula maganda yake matamu na kusambaza mbegu, na mafuriko na mifereji hubeba nyingine. Leo umefunga njia, umeziba mifereji, na miiba yake hutoboa hata viatu. Ukiuona mche wake kando ya mfereji, huo ung'oe mara moja pamoja na shina lake la chini, maana ukiukata tu utachipuka tena kwa nguvu mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vilevile tusipande mikaratusi kando ya mfereji. Hunywa maji mengi. Anayetaka miti ya nguzo apande mvinje, mbali kidogo na ukingo.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MASIKA

Sasa tuwape kazi. Haihitaji pesa.

Kwanza, chagueni watu watano: mama mmoja anayechuma mboga za kienyeji, mzee mmoja, kijana mmoja anayejua kuandika, mchungaji mmoja wa mbuzi, na msimamizi wa pampu. Watembee mfereji wote kutoka juu hadi chini. Kila hatua hamsini wasimame, waandike majani matatu yaliyo mengi zaidi. Anayechuma mtsunga atajua majani ambayo afisa wa kilimo hayajui kwa jina.

Pili, mahali ambapo majani yamebadilika, wachimbe shimo la kina cha mkono mzima. Wangoje mpaka kesho yake. Maji yakiingia na kubaki shimoni, pamejaa.

Tatu, watie udongo wa hapo katika chupa, nusu udongo nusu maji, waitikise kwa nguvu na kuiacha usiku kucha. Mchanga utakaa chini, udongo laini katikati, mfinyanzi juu. Hapo mtaona wenyewe mna udongo gani.

Nne, pandeni maharagwe kumi katika kopo moja na kuyamwagilia maji ya mfereji, na kumi katika kopo la pili kwa maji ya mvua. Udongo uwe mmoja, mzuri. Baada ya wiki mbili linganisheni. Yakidumaa ya mfereji, maji yenu yana tatizo, na pampu kubwa itawaletea tatizo kubwa.

Tano, chorani ramani yenu hata chini ardhini kwa kijiti, kila mwanachama aone. Ndipo mkate shauri: wapi pandwe mahindi, wapi mpunga, wapi minazi, wapi pachimbwe mtaro.

Hilo ndilo jibu letu kwa swali la tatu. Msinunue pampu kabla ya kazi hii. Na kumbukeni kwamba kuvuta maji ya mtoni kwa umwagiliaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kiulizeni mapema.

WA JUU NA WA CHINI

Tumalizie na jambo gumu. Katika ziara zetu tumekuta wanachama wa sehemu ya juu ya mfereji hawasemezani na wa sehemu ya chini. Wa chini wanasema wa juu wanaiba maji. Wa juu wanasema wa chini ni wavivu, ndiyo maana mashamba yao yamekufa.

Tuliwapeleka wa juu wakaone. Walikuta ndago, wakakuta mabaka meupe, wakachimba shimo likajaa maji. Yalikuwa maji yao wenyewe, waliyofungulia usiku kucha, yakazama katika mchanga wa juu na kutokea kwa wenzao. Mtu wa chini alikuwa akilipa kwa mazao yake uzembe ambao wa juu hakuujua. Tangu siku ile ugomvi haukwisha wote, lakini walikubaliana saa za kufungulia maji na wakachimba mtaro pamoja.

Kile kikundi cha Hawe pia kilichimba mtaro. Sehemu kubwa ya shamba la chini sasa inalimwa tena. Kona moja bado ni nyeupe. Wamepanda mivinje na minazi hapo, na wanasema watoto wao ndio watakaokula faida yake. Ukingo umeota ukoka tena. Waliojitoa, wengine wamerudi, wengine hawakurudi. Hatuwezi kuwadanganya kwamba kosa letu lilifutika.

Ndiyo maana tumewaomba msikilize leo. Ardhi tumepewa tuitunze, si tuimalize. Wiki hii, kabla mawingu ya masika hayajakusanyika, chagueni wale watu watano. Tutakapowatembelea mwezi ujao hatutauliza kwanza daftari la mweka hazina. Tutauliza: ni majani gani yameota kando ya mfereji wenu?